Akiba Haiozi: Jean Jaurès na Jeshi la Wananchi

Kila mara hazina ya nchi inapopungukiwa, na Serikali ikalazimika kupunguza gharama za ulinzi, swali moja huletwa mezani pamoja na mahesabu: tupunguze wapi? Liko jeshi la kudumu, yaani askari wakaao kambini mwaka mzima, wakila, wakivaa na kulipwa kwa fedha za umma. Na liko jeshi la akiba, yaani wananchi waliokwisha kufundishwa, ambao wako mashambani, viwandani na maofisini, na huitwa tu wakati wa mazoezi au wakati wa hatari. Askari wa kambini anaonekana. Anaye mkuu wa kumsemea, na kambi yake ina bendera. Askari wa akiba haonekani. Kwa hiyo mara nyingi ni yeye anayepunguziwa kwanza. Siku zake za mazoezi hukatwa, bunduki yake huachwa ishike kutu, na jina lake hubaki katika daftari tu.

Sisi twaona kuwa jambo hili si la majenerali na watunza hazina peke yao. Wafanyakazi na wakulima ndio watoao fedha za ulinzi, na ndio watoao wana. Yafaa walifikiri wao wenyewe. Na ili kulifikiri vizuri, leo twapenda kueleza maisha ya mtu aliyelishughulikia kuliko viongozi wengi wa wafanyakazi wa zama zake. Hakuwa jenerali. Alikuwa mwalimu wa falsafa, mbunge wa wachimba makaa ya mawe, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Jina lake ni Jean Jaurès wa Ufaransa, aliyeuawa tarehe 31 Julai, 1914.

MTOTO WA NCHI ILIYOSHINDWA

Jaurès alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1859, katika mji wa Castres, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfanya biashara mdogo aliyekuwa na shamba lisilo kubwa. Lakini ukoo wake haukuwa mgeni kwa mambo ya silaha: binamu wawili wa baba yake walikuwa maadmirali, na ndugu yake mwenyewe, Louis, aliingia katika jeshi la majini akafikia cheo hicho hicho. Twalitaja jambo hili mapema kwa sababu adui zake walimwita mtu anayechukia askari. Hakuwachukia. Alikua miongoni mwao.

Alipokuwa karibu kutimiza umri wa miaka 11, nchi yake ilipigwa vita ambavyo hakuvisahau. Mwezi wa Julai 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia. Jeshi lake lilikuwa la askari wa kudumu, hodari na wazoefu, waliopigana Afrika ya Kaskazini na kwingineko. Tarehe 2 Septemba mfalme wao, Napoleon wa Tatu, alitekwa huko Sedan pamoja na jeshi zima, na mwezi wa Oktoba jeshi jingine lililozingirwa Metz likasalimu amri. Nyuma ya majeshi hayo mawili hapakuwa na akiba ya maana.

Akiba ilikuwapo kwa jina. Sheria ya mwaka 1868 iliunda kikosi cha wananchi wa kusaidia jeshi, lakini wabunge, kwa kuogopa gharama na kwa kuogopa wapiga kura, waliyawekea mazoezi yake mpaka wa siku 15 tu kwa mwaka, na fedha za kukiendesha hazikutolewa za kutosha. Vita vilipokuja, serikali mpya ya Jamhuri iliwakusanya watu hao kwa haraka, ikawatia katika majeshi mapya. Walipigana kwa ushujaa wakati wa baridi kali, lakini ushujaa haukuweza kufanya kazi ya mafunzo. Walishindwa nao pia. Ufaransa ilipoteza jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine, ikalipishwa faranga bilioni 5. Ni hesabu kubwa kwa taifa lililodhani limeokoa fedha kwa kuinyima akiba mazoezi.

Basi mtoto huyo wa Castres alikulia katika nchi iliyokwisha kushindwa mara mbili katika vita kimoja: mara ya kwanza kwa kuwa na askari wa kudumu wasio na akiba, mara ya pili kwa kuwa na akiba isiyofundishwa.

MWALIMU ALIYEKWENDA MGODINI

Jaurès alikuwa mwenye akili nyingi. Mwaka 1878 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa kuingia chuo kikuu cha ualimu cha Paris, na baadaye akafundisha falsafa katika shule ya Albi na katika chuo kikuu cha Toulouse. Mwaka 1885, akiwa na miaka 26 tu, alichaguliwa kuwa mbunge. Wakati huo alikuwa mtu wa Jamhuri, lakini hakuwa bado mjamaa.

Wachimba makaa wa Carmaux ndio waliomfanya mjamaa kamili. Mwaka 1892 wachimbaji hao walimchagua mwenzao, Jean-Baptiste Calvignac, kuwa meya wa mji wao. Kampuni ya mgodi ikamfukuza kazi, eti kwa kukosa kazini alipokuwa akitumikia umeya wake. Wenzake wakagoma, na Serikali ikapeleka askari Carmaux. Jaurès alisimama upande wa wagomaji kwa kalamu na kwa sauti, na mwezi wa Januari 1893 wachimbaji wakampeleka Bungeni awe mbunge wao. Wafanyakazi wa kiwanda cha vioo cha mji huo huo walipofungiwa milango mwaka 1895, aliwasaidia mpaka wakaanzisha kiwanda chao wenyewe mjini Albi mwaka 1896.

Yapasa tuelewe maana ya askari kwa wafanyakazi wa siku zile. Askari ndiye aliyetumwa kuvunja mgomo. Tarehe 1 Mei, 1891, huko Fourmies, kaskazini mwa Ufaransa, askari waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiadhimisha siku ya wafanyakazi, wakaua watu 9, wengi wao vijana. Baada ya mambo kama hayo, wengi katika chama walisema kuwa mfanyakazi hana haja ya jeshi lo lote. Gustave Hervé alikuwa bingwa wa maneno hayo, akihubiri kuwa mfanyakazi hana nchi ya kuilinda.

Jaurès alikataa. Aliona kuwa nchi ni mali ya maskini kuliko ya matajiri, maana tajiri aweza kuhamisha mali yake, lakini maskini hana kitu ila nchi yake, lugha yake na haki alizozipigania. Aliyemnyang’anya mfanyakazi nchi yake kwa maneno alikuwa akimfanyia kazi bwana. Twaongeza jambo moja ambalo historia imelishuhudia: Hervé huyo, vita vilipoanza mwaka 1914, aligeuka akawa mhubiri mkali wa vita.

Kesi ya Dreyfus ilimwonyesha Jaurès upande mwingine wa hatari. Ofisa huyo Myahudi alihukumiwa mwaka 1894 kwa hatia ya usaliti ambayo hakuitenda, na wakuu wa jeshi wakakataa kuikubali kweli hata baada ya ushahidi kuwa wazi. Dreyfus alisafishwa jina lake mwaka 1906. Jaurès, aliyempigania tangu 1898, alijifunza kuwa jeshi likijifungia nyuma ya kuta zake, likawa na maofisa wasiojua watu wala kujulikana na watu, hujiona kuwa ni nchi ndani ya nchi.

HESABU YA JESHI JIPYA

Mwaka 1904 Jaurès alianzisha gazeti la L’Humanité, na mwaka 1905 akafaulu kuviunganisha vyama vya kijamaa vilivyokuwa vikigombana. Kisha akageukia kazi ambayo wengi hawakuitazamia kwa mtu wa amani. Alikaa na vitabu vya vita kwa miaka. Alikuwa amekwisha kuandika historia ya Mapinduzi ya Ufaransa, na alijua jinsi Jamhuri changa ya mwaka 1793 ilivyowaunganisha askari wa zamani na wananchi waliojitolea: kikosi kimoja cha askari wazoefu pamoja na vikosi viwili vya wananchi. Wa zamani walileta ujuzi, wapya wakaleta wingi na moyo.

Mwezi wa Novemba 1910 aliweka mezani mwa Bunge mswada wa kulipanga upya jeshi, na maelezo yake yakatoka kuwa kitabu kikubwa mwaka 1911, kiitwacho L’Armée nouvelle, maana yake Jeshi Jipya.

Hoja yake ilianzia katika sheria iliyokuwapo. Kwa sheria ya mwaka 1905 kila kijana wa Ufaransa alikaa kambini miaka 2. Baada ya hapo alibaki katika daftari la akiba miaka 11, na katika daraja za wazee wa jeshi miaka mingine 12. Jumla ni miaka 25. Yaani kwa kila mtu aliyekuwa kambini, walikuwapo wengi waliokwisha kupita kambini wakarudi kazini. Hao ndio waliokuwa wingi wa nguvu ya taifa. Lakini wakuu wa jeshi waliwaona kuwa si kitu. Kwao jeshi lilikuwa lile la kambini. Wa akiba walifaa kulinda madaraja na maghala. Na Bunge nalo lilifuata njia ile ile: mwaka 1908 lilipunguza vipindi viwili vya mazoezi ya akiba, vilivyokuwa vya majuma manne kila kimoja, vikawa siku 23 na siku 17.

Jaurès aliigeuza hesabu hiyo. Alisema kwa mswada wake kuwa jeshi la kweli ni taifa lililofundishwa, na kambi ni shule yake tu. Kijana angekaa shuleni humo miezi 6 badala ya miaka 2. Lakini miaka 13 iliyofuata angeitwa mara 8 kwenye mazoezi, mara nyingine siku 10 karibu na kwao, mara nyingine siku 21 katika mazoezi makubwa. Wenye umri wa miaka 20 mpaka 34 wangekuwa ndilo jeshi la mstari wa mbele, wa miaka 34 mpaka 40 wangekuwa akiba, na wa miaka 40 mpaka 45 wangelinda nyumba. Vikosi vingepangwa kwa wilaya, jirani na jirani, na katika majimbo ya mashariki, karibu na mpaka wa Ujerumani, kila askari angekuwa na silaha yake nyumbani, kama ilivyokuwa desturi ya Uswisi. Baadhi ya maofisa wangekuwa wa kudumu, na wengi zaidi wangekuwa raia wenye kazi zao. Na wale wa kudumu wangesoma katika vyuo vikuu pamoja na vijana wengine, wasifungiwe peke yao. Mswada ulimalizika kwa masharti juu ya amani: serikali ingelazimika kutaka usuluhishi kabla ya vita, na ile ambayo ingeanza vita vya kushambulia ingehesabiwa kuwa imetenda jinai.

Jaurès hakuwa akitafuta jeshi la bei rahisi. Waliomsoma kwa haraka walidhani anataka kupunguza miezi ya kambini ili fedha zibaki hazina. Yeye alitaka fedha na saa zitoke mahali pamoja ziende mahali pengine: zitoke katika kumweka kijana kambini akifagia uwanja na kurudia gwaride alilokwisha kulijua, ziende katika kuwapa mazoezi ya kweli mamilioni ya watu waliokwisha kufundishwa. Askari wa kambini hugharimu mara mbili, kwa chakula anachokula na kwa kazi asiyoifanya. Askari wa akiba hujilisha na kuilisha nchi siku zote isipokuwa zile za mazoezi. Lakini ukimnyang’anya hata siku hizo chache, huna askari tena. Una jina.

MWAKA WA TATU

Bunge halikuupokea mswada wake. Mwaka 1913 mambo yakaenda upande mwingine kabisa. Ujerumani ilipitisha sheria ya kuongeza jeshi lake kwa wingi. Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 65, Ufaransa milioni 39 na kitu. Wakuu wa jeshi la Ufaransa wakaingiwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga: walidhani askari wa kambini wa Ujerumani wataweza kuvuka mpaka ghafula kabla akiba ya Ufaransa haijaitwa na kuvaa. Dawa yao ilikuwa moja: kila kijana akae kambini miaka 3 badala ya 2, ili pawe na askari zaidi ya 700,000 wakati wote.

Jaurès alipigana na sheria hiyo mwaka mzima. Tarehe 25 Mei, 1913, alisimama mbele ya makumi ya maelfu ya watu huko Pré-Saint-Gervais, nje kidogo ya Paris, akiwa juu ya gari kando ya bendera nyekundu. Bungeni aliwajibu wakuu wa jeshi kwa hoja ya kijeshi. Kwa hesabu yake, Ujerumani isingengoja kupigana kwa askari wa kambini peke yao. Ingeitupa akiba yake mstari wa mbele tangu siku za kwanza. Na Ufaransa, yenye watu wachache zaidi, isingeweza kuishinda Ujerumani kwa kuhesabu vitanda vya kambini. Ilikuwa ni lazima ipange akiba yake vizuri, iiite upesi, na iimarishe ngome za mashariki. Zaidi ya hayo aliuliza nani atalipa. Wale waliotaka mwaka wa tatu ndio hao hao waliokuwa wakiikataa kodi ya mapato.

Alishindwa. Sheria ya miaka 3 ilitoka tarehe 7 Agosti, 1913. Lakini wafanyakazi walikuwa wamemsikia: katika uchaguzi wa Aprili na Mei 1914 chama chake kilipata viti vipatavyo 100, na mwezi wa Julai kodi ya mapato ikapita hatimaye. Pengine sheria ya miaka 3 nayo ingefikiriwa upya. Wakati haukungoja.

Siku za mwisho za Julai 1914 Jaurès alikuwa Brussels pamoja na viongozi wa wafanyakazi wa nchi nyingine, akiwemo wa Ujerumani, wakitafuta njia ya kuzuia vita. Alirudi Paris. Usiku wa Ijumaa, tarehe 31 Julai, alikuwa akila chakula katika hoteli ndogo iitwayo Café du Croissant, mgongo wake ukielekea dirisha lililokuwa wazi kwa ajili ya joto. Kijana mmoja aliyelewa siasa za chuki, Raoul Villain, alimpiga risasi ya kichwa kutoka nje. Siku ya pili yake amri ya kuita jeshi ilibandikwa kila mahali. Alizikwa tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vimekwisha kutangazwa.

VITA VILIVYOTOA HUKUMU

Yaliyotokea katika majuma matano yaliyofuata yanafaa kusomwa na kila mtu anayekaa katika kamati ya kupunguza matumizi ya ulinzi.

Ujerumani ilifanya kama Jaurès alivyohesabu. Vikosi vyake vya akiba viliingia vitani bega kwa bega na vya kudumu, na kwa wingi huo vikaenea Ubelgiji yote na kuuzunguka ubavu wa Ufaransa. Wakuu wa Ufaransa, ambao mpango wao ulidhani kuwa adui hatakuwa na watu wa kutosha kuenea hivyo, walilituma jeshi la kudumu kushambulia upande wa mashariki. Tarehe 22 Agosti, 1914, peke yake, Wafaransa wapatao 27,000 waliuawa. Hakuna siku nyingine katika historia yao yote ya vita iliyowaua wengi kama hiyo.

Kisha wale waliodharauliwa wakaitwa. Vita vya mto Marne, vilivyoiokoa Paris, vilianza tarehe 5 Septemba kaskazini mashariki ya mji huo, na jeshi lililougonga ubavu wa Wajerumani lilikuwa na divisheni kadhaa za akiba. Waliokutana nao upande wa pili walikuwa Wajerumani wa kikosi cha akiba pia. Akiba ilipigana na akiba, na hapo ndipo mwendo wa Wajerumani ulipoanza kukwama. Miongoni mwa waliouawa siku hiyo karibu na Villeroy alikuwa luteni wa akiba mwenye umri wa miaka 41, mshairi Charles Péguy. Huyu alikuwa rafiki wa Jaurès wakati wa kesi ya Dreyfus, kisha akawa adui yake, na mwaka 1913 alimshambulia kwa maandishi makali sana. Alikufa akiwa askari wa jeshi lile lile ambalo Jaurès aliomba litukuzwe.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Jaurès hakuona yote. Alitumaini kuwa wafanyakazi wa Ujerumani watazuia mkono wa mfalme wao, na tumaini hilo lilikufa karibu siku moja na yeye. Hofu ya shambulio la ghafula ilikuwa na msingi: nchi isiyo na askari wa kudumu mpakani haina muda wa kuiita akiba yake, na wako wasemao kuwa bila ya mwaka wa tatu Ufaransa isingestahimili pigo la kwanza. Tena si divisheni zote za akiba zilizosimama imara mwezi wa Agosti. Nyingine zilirudi nyuma kwa machafuko, maana hazikuwa na maofisa wa kutosha, na watu wake walikuwa hawajafanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu. Lakini twauliza: kosa hilo ni la akiba, au ni la wale walioipunguzia siku mwaka 1908 na kuinyima maofisa?

Vita hivyo havikuishia Ulaya. Mwezi wa Novemba 1914 risasi zilisikika Tanga, na kwa miaka minne makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa njaa, ugonjwa na uchovu, wakibeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani. Hawakuwa askari wa kudumu wala wa akiba. Walikuwa watu wasioulizwa. Jaurès mwenyewe alipoteza zaidi ya uhai wake: mwanawe wa kiume, Louis, alijitolea kwenda vitani akauawa mwezi wa Juni 1918. Villain aliachiliwa na mahakama mwezi wa Machi 1919. Mwaka 1924 taifa liliuhamisha mwili wa Jaurès likauweka Panthéon, mahali wanapolazwa wakuu wake.

FUNDISHO

Nchi yetu nayo inalijua jambo hili kwa maisha yake. Mwezi wa Januari 1964 jeshi dogo la kudumu tulilorithi kwa wakoloni liliasi, na mwaka huo huo likaundwa jeshi jipya la wananchi. Na majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, jeshi la kudumu peke yake halikutosha. Mgambo kwa maelfu waliitwa kutoka vijijini na kazini, wakaenda kupigana pamoja nalo. Hatusemi kuwa waliyapata hayo kwa Jaurès. Twasema kuwa kweli ni moja, hata ikionekana mahali pawili.

Kwa hiyo, siku makadirio ya matumizi yatakapoletwa na yapasa kupunguzwa, hatutaki kusikia tu kuwa akiba ni rahisi na kambi ni ghali. Hiyo ni nusu ya hesabu. Jeshi la kudumu lahitajiwa kwa mambo matatu: kulinda mpaka mpaka akiba ifike, kuendesha silaha ambazo mtu hawezi kuzijifunza kwa siku chache, na kuwafundisha wengine. Likipungua chini ya hapo, akiba haina mlango wa kuingilia. Lakini kila shilingi inayozidi hapo na kuwekwa kambini kwa ajili ya fahari ya gwaride, ingali mgambo hawana bunduki za kujifunzia wala walimu, ni shilingi iliyopotea.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walisema hivyo juu ya akiba iliyotunzwa. Mahindi yaliyotupwa ghalani bila kuanikwa huliwa na dumuzi, na mwenye nyumba hupata habari siku ya njaa. Basi ndugu wanachama, katika mikutano ya matawi na mahali pa kazi, tuwaulize viongozi wetu mambo haya: mgambo wa hapa walifanya mazoezi siku ngapi mwaka uliopita? Nani aliwafundisha? Silaha zao ziko wapi na katika hali gani? Na mwajiri wao aliwapa ruhusa, au aliwafukuza kazi kama kampuni ya Carmaux ilivyomtenda Calvignac? Majibu ya maswali hayo yatatuonyesha kama tunayo akiba, au tunalo daftari tu.